Fundisha Kiswahili, Ujifunze Lugha Yao: Kwa Anayetoka Mtwara au Lindi Kwenda Kusoma Nje

Kijana wa Masasi, Newala au Nachingwea akipata nafasi ya kusoma nje, nyumba nzima inahangaika naye: pasi, viza, cheti cha afya, sweta. Lugha huachiwa chuo cha huko. Na kuna jambo ambalo karibu hakuna anayemwandaa nalo. Wiki chache tu baada ya kufika, atatokea mtu bwenini au darasani amwambie, "Nifundishe Kiswahili." Wengi hulichukua ombi hilo kama hisani ya kupita, wanafundisha "jambo" na "asante sana," na mambo yanaishia hapo. Sisi tunaofundisha lugha huku Mtwara tunawasihi wanaoondoka wasilichezee. Ndiyo nafasi bora watakayoipata ya kuijua lugha ya wenyeji, bora hata kuliko darasa lenyewe la lugha, mradi wafundishe kwa mpango.

Sababu yake ni hii: pale mwanafunzi wako anapokwama katika Kiswahili, ndipo na wewe utakapokwama katika lugha yake, ila kutokea upande wa pili. Makosa yake ni kanuni za lugha yake zikijitokeza ndani ya Kiswahili. Ukiyasikiliza vizuri, unakuwa unasomeshwa bure.

Tuchukue Kichina, maana vijana wengi wanakwenda huko. Mchina anayeanza Kiswahili ukimwambia aseme "baba," unasikia "papa." "Dada" inakuwa "tata." Si kwamba hasikii. Katika Kichina sanifu, b na p hazitofautishwi kwa mtetemo wa koo kama tunavyofanya sisi, zinatofautishwa kwa pumzi. P inatoka na pumzi nyingi, b haina pumzi, na koo halitetemi kwa zote mbili. Sasa geuza upande. Mtanzania akitaka kusema pà, yaani kuogopa, akatumia p yetu nyepesi, Mchina anasikia bà, yaani baba. Tatizo ni moja, mmeshika ncha mbili tofauti.

Zoezi lake ni dogo. Kata karatasi nyembamba, upana wa vidole viwili na urefu wa shubiri. Ishike ining'inie mbele ya midomo, umbali wa vidole vitatu. Ukitamka p, t au k ya Kichina, karatasi lazima iruke. Ukitamka b, d au g yao, itulie. Mwenzako naye, akijifunza Kiswahili, aweke vidole viwili kooni: kwenye b, d na g zetu lazima ahisi mtetemo, tena uanze kabla midomo haijafunguka. Mpe jozi zenye maana ili kosa lionekane: bata na pata, dua na tua, goma na koma. Dakika kumi zako, dakika kumi zake, mara tatu kwa wiki. Kinachoharibu zoezi hili ni kupaza sauti; mtu akipaza, hata b inatoka na pumzi, na karatasi inaruka bila sababu. Semeni kwa sauti ya kawaida ya mazungumzo.

Kwenye toni, kijana aliyekulia na Kimakonde au Kiyao nyumbani ana hazina ambayo mara nyingi hajui kama anayo. Kiswahili hakina toni, lakini lugha hizo mbili zinazo, na sikio lililozoea kupanda na kushuka kwa sauti kunakobeba maana haliianzi kazi hii sifuri. Tofauti ni kwamba kwa Kichina karibu kila silabi ina toni yake, na huwezi kuibahatisha kutokana na sentensi. Mǎi kwa toni ya tatu, inayoshuka chini, ni kununua. Mài kwa toni ya nne, inayoporomoka, ni kuuza. Fikiria uko sokoni na hizo mbili zimegeuzana. Kosa kubwa la wanaozungumza Kiswahili ni kupeleka shadda yetu huko: tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho, kisha tunashusha sauti mwishoni mwa sentensi. Matokeo yake neno la mwisho, liwe na toni gani, linaelekea kusikika kama lina toni ya nne. Dawa ni kurekodi sentensi kumi fupi ambazo neno la mwisho lina toni ya kwanza au ya pili, mwenzako akazisema, nawe ukazirudia mpaka yeye, akiwa amekupa mgongo, aitaje toni sahihi kwa kusikia tu.

Na hapo mwambie mwenzako akueleze vile vineno wanavyoviweka kati ya namba na jina. Vitabu ni běn, vitu bapa kama meza na karatasi ni zhāng, virefu kama samaki na barabara ni tiáo. Asiyejua huweka gè, kile cha jumla, kila mahali na anaeleweka, lakini anabaki palepale mwaka mzima. Anayezungumza lugha yenye ngeli hana sababu ya kuviogopa: nasi tunayapanga majina kwa makundi, na kila kundi lina vitu vyake.

Kijerumani kina mitego mingine. Mjerumani anasoma v kama f na z kama ts, kwa sababu ndivyo maandishi yao yalivyo. Mpe kadi mbili, "vua nguo" na "fua nguo," azisome mbele yako. Akizichanganya, na atazichanganya, mwulize anavyosoma Vater na Wasser. Utagundua kwamba Vater inaanza na f na Wasser inaanza na v, na hutasahau tena. Herufi za mwanzo za "mbuzi" na "ndizi" zitamsumbua pia; ataweka irabu mbele, aseme "embuzi." Mwambie afumbe midomo kwanza, aanze kuguna, kisha afungue. Wewe utapambana na kinyume chake: konsonanti zilizorundikana kama katika Strumpf au Herbst, ambazo sisi huzipachika irabu katikati ili zipitike. Anza kutokea mwisho wa neno ukirudi mbele: -st, -bst, -rbst, Herbst. Ukianza mbele ulimi utatafuta irabu ya kupumzikia.

Der, die, das, vineno vinavyoonyesha jinsia ya jina la Kijerumani, vinawatesa watu bila sababu ya msingi. Hakuna mtoto wa Kiswahili aliyejifunza "kiti" peke yake. Alisikia kiti hiki, viti hivi, kiti changu kimevunjika. Fanya vivyo hivyo. Kwenye daftari usiandike Tisch (meza). Andika der Tisch, die Tische, na chini yake sentensi moja. Jina lisilo na jinsia yake na wingi wake ni kama halijaandikwa. Kwa upande wa mpangilio wa maneno, kitenzi kinachokimbilia mwisho baada ya weil (kwa sababu), dass (kwamba) na wenn (kama) ndicho kinachomaliza alama za Watanzania kwenye insha. Sentensi tano kila jioni, kila moja na weil, kwa mwezi mmoja. Hakuna njia ya mkato.

Saa ni mahali pazuri pa kubadilishana. Mjerumani akisema halb acht anamaanisha saa moja na nusu, yaani nusu ya kuelekea saa mbili. Mtanzania anasikia "nusu" na "nane," anahesabu saa mbili na nusu kwa saa zetu, anachelewa kipindi kwa saa nzima. Yeye naye atapotea kwenye saa zetu zinazopishana na zao kwa sita. Usimfundishe kujumlisha na kutoa. Chora uso wa saa, mwambie aangalie namba iliyo upande wa pili wa mkono mfupi: mkono ukiwa kwenye saba, ng'ambo yake ipo moja, basi ni saa moja. Kisha mlazimishe kuweka miadi yenu yote kwa saa za Kiswahili, na wewe uweke zote kwa saa zao. Baada ya miadi miwili iliyokosewa kila mmoja ameshaelewa.

Kituruki nakitaja kwa ufupi, ingawa kwa maoni yangu ndicho kinachomfaa Mswahili kuliko wengi wanavyodhani. Vitenzi vyao vinajengwa kwa kuunganisha vipande kama vyetu, tofauti ni kwamba sisi tunavirundika mbele na wao nyuma. "Sitakuja" ni si-ta-kuja. Wao ni gel-me-yeceğim, mzizi kwanza, ukanushi katikati, wakati na mtu mwishoni. Mkikaa mezani na vipande vya karatasi vyenye viambishi vya lugha zote mbili, mkavipanga, saa moja inatosha kuona mfumo mzima. Anayekwenda kwa ufadhili wa serikali ya Uturuki hupewa mwaka mmoja wa lugha na hutakiwa kufikia daraja la C1, yaani kiwango cha juu cha lugha, kwa hiyo mwaka huo hauna nafasi ya kupotea. Ujerumani, kozi zinazofundishwa kwa Kijerumani kwa kawaida hudai mtihani wa Kijerumani wa kuingilia chuo: DSH ya daraja la pili au TestDaF yenye alama ya nne katika sehemu zote nne. Sehemu zote: mtu mwenye alama ya tano katika sehemu tatu na ya tatu katika moja anaweza kurudishwa.

Sasa namna ya kuendesha vikao vyenyewe. Saa moja, igawanywe katikati: dakika thelathini za Kiswahili, thelathini za lugha yao, na simu iwekewe kengele. Kengele ikilia mnabadilisha, hata kama hadithi imenoga. Msipofanya hivyo, lugha ya mwenye uwezo zaidi inaimeza nyingine, na kwa kawaida Kiingereza kinakuja katikati kuzimeza zote mbili. Kiingereza kiruhusiwe kwa dakika tano za mwisho tu, kwa maswali yaliyokwama. Kutaneni kwenye mgahawa wa chuo au sehemu ya maktaba inayoruhusu mazungumzo, mahali palepale, siku zilezile mbili za wiki. Miadi ya "tutawasiliana" hufa wiki ya tatu.

Kila kikao kiwe na mada moja iliyotajwa mapema: kupanga chumba, kueleza dalili hospitalini, kubishania bei, kuomba mwalimu aongeze muda wa kazi. Anayejifunza anasema, anayefundisha anaandika makosa bila kukatiza, kisha anayatoa matatu tu. Matatu. Mwalimu anayesahihisha kila neno anamfunga mwenzake mdomo, na anayefungwa mdomo anaacha kuja. Makosa hayo matatu yaandikwe kama sentensi zilizosahihishwa, na kikao kinachofuata kianze kwa kuzisema tena bila kusoma. Zirudie siku ya pili, ya nne, ya nane na ya kumi na sita. Daftari moja, si vikaratasi.

Upande wa kufundisha, kosa la karibu kila Mtanzania ni kuanza na orodha ya ngeli. Mgeni akiona jedwali la ngeli zote siku ya kwanza, humwoni tena. Anza na vitenzi. Viambishi sita vya mtu: ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-. Nyakati nne: -na-, -li-, -ta-, -me-. Vitenzi kumi: soma, andika, pika, nunua, uza, lala, fika, ondoka, ngoja, tafuta. Hizo ni sentensi 240 kwa vipande ishirini, na mwanafunzi anaanza kuongea kikao cha kwanza. Chagua vitenzi hivyo kwa makusudi. Kula, kunywa, kuja na kufa vinabaki na ku- ndani yake, anakula, anakuja, na ukivileta mapema atakuambia "anakusoma" kwa kufikiri ndiyo kanuni. Viache mpaka wiki ya tatu. Ukanushi nao uufundishe kwa mstari mmoja wa kukariri, hasomi, hakusoma, hajasoma, hatasoma, kwa sababu kila wakati una tabia yake na maelezo marefu yanachanganya.

Ngeli zije baadaye, mojamoja, kwa umoja na wingi na kwa sentensi: mtu mmoja amefika, watu wawili wamefika. Kisha kitu na vitu. Kisha nyumba, ambayo haibadiliki, nyumba hii imeanguka, nyumba hizi zimeanguka. Nyingine zitafuata. Na jiandae kuulizwa. Mwanafunzi aliyesoma Kiswahili kwa kitabu atakusikia ukisema "gari yangu" na atauliza kwa nini si "gari langu." Mwambie ukweli kwamba sanifu ni gari langu, magari yangu, na kwamba mitaani atasikia yote mawili. Ukibabaika hapo, imani yake inapungua. Ndiyo maana anayeondoka abebe kamusi nzuri ya Kiswahili kwa Kiswahili na kitabu kimoja cha sarufi ya sekondari. Kujua kusema lugha na kujua kuieleza ni kazi mbili, na hii ya pili hujifunzwa.

Vifaa vya kubeba kutoka nyumbani havizidi kilo moja. Kanga moja yenye maandishi yanayosomeka. "Mgeni njoo, mwenyeji apone" ni somo zima: njoo ni amri isiyofuata kanuni, apone ina -e ya mwisho inayoonyesha matakwa. Mwanafunzi akishaona apone, mpe sentensi tano za kwake: nataka asome, mwambie aje, afadhali tungoje. Beba pia sauti kwenye simu. Kabla ya kusafiri, omba ruhusa urekodi watu watano wa rika tofauti, dakika mbili kila mmoja: bibi akiitikia shikamoo na kuulizia ndugu mmojammoja, muuza samaki Mikindani akitaja bei, fundi cherehani, mtoto wa darasa la pili, mkulima akieleza anavyoanika korosho. Sauti za vitabuni ni safi mno. Mgeni anayezisikia hizo peke yake akishuka stendi ya Mtwara haelewi kitu, na wewe vivyo hivyo ukiishia kwenye sauti za darasa la lugha. Mwombe mwenzako akurekodie bibi yake.

Salamu usizipitie haraka. Shikamoo na marahaba zifundishwe pamoja na nani anaanza, na kwamba baada yake zinafuata habari za nyumbani, za watoto, za kazi, na kwamba kuingia moja kwa moja kwenye shida iliyokuleta ni utovu wa adabu. Kisha uliza: huku mnaanzaje? Nani anamwita profesa kwa jina, nani hathubutu? Kijerumani kina du kwa mtu wa karibu na Sie ya heshima, Kituruki vivyo hivyo kina sen na siz, na kosa la hapo linaumiza kuliko kosa la sarufi, kwa sababu asiyekosolewa hajui amemkwaza nani.

Kuna wanaotaka kulipwa kwa kufundisha, na si vibaya, lakini soma masharti ya viza yako kwanza. Uingereza, mwanafunzi wa shahada anaruhusiwa saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa muhula, lakini haruhusiwi kujiajiri, na kufundisha watu binafsi kwa malipo, hata kwa njia ya mtandao, kunahesabiwa kujiajiri. Ujerumani, tangu Machi 2024, mwanafunzi anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya anaweza kufanya kazi siku 140 kamili au nusu siku 280 kwa mwaka, ila kujiajiri kunahitaji kibali cha peke yake. China, kazi yoyote ya malipo inataka ruhusa ya chuo na ya uhamiaji. Kubadilishana lugha bila fedha hakuna tatizo hilo. Anayetaka kufundisha rasmi na ni mwalimu wa Kiingereza, upo mpango wa Fulbright, wa serikali ya Marekani, wa wasaidizi wa kufundisha lugha za kigeni, FLTA, unaowapeleka walimu vijana kwenye vyuo vya Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo, wakifundisha lugha zao, Kiswahili kikiwemo, huku wenyewe wakichukua kozi.

Likizo ndiyo inayoua vikao vingi. Mtu akirudi Lindi miezi miwili, ulimi wa kule unaganda, na mwenzake naye amepata mwingine. Panga simu moja kwa wiki kabla hujaondoka, na uipange kwa hesabu ya masaa, si kwa makadirio. Uturuki saa ni zilezile za kwetu. Ujerumani wako nyuma yetu kwa saa mbili majira ya baridi, na saa moja majira ya kiangazi. China wako mbele kwa saa tano, kwa hiyo ukipiga saa mbili usiku baada ya chakula, kwao ni saa saba usiku na mwenzako amelala. Piga saa kumi jioni. Kwao itakuwa saa tatu usiku, ametoka maktaba, yuko bwenini. Nusu saa inatosha, robo saa kwa kila lugha, na kengele iwekwe vilevile.